Gatongora Ilichagua PlayStation: Je, Ilichagua Vyema?

Muulize mtoto wa Gatongora kaka yake yuko wapi Jumamosi jioni, naye atakujibu kwa maneno mawili: "Kwa gemu." Hatataja gemu gani wala mashine ya kampuni gani, kwa sababu hapa "kwa gemu" ni mahali. Ni chumba cha mabati kando ya njia, au duka la chini ya nyumba ya kupanga, lenye tivi mbili au tatu, benchi la mbao na vijana wanaongoja zamu. Inama utazame mashine iliyo chini ya tivi, na karibu kila mara utakuta ni ya Sony. Jina PS limeenea hadi likazifunika mashine zote, kama vile Omo lilivyokuwa jina la kila sabuni ya unga.

Ubishi wa konsoli ni wa dunia nzima. Sony ina PlayStation, Microsoft ina Xbox, Nintendo ina Switch, na kila kambi ina mashabiki wanaobishana kama mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards. Mizani inayotumika sana ni nguvu ya mashine, uzuri wa picha, na gemu ambazo kampuni moja inazo na nyingine haina. Mizani hiyo ni halali, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayecheza peke yake sebuleni, mwenye kadi ya benki na intaneti isiyokatika. Tukiileta Gatongora bila kuirekebisha, itapima vibaya.

Dai langu katika uchambuzi huu ni moja: huku kwetu konsoli haichaguliwi na mtu mmoja, inachaguliwa na benchi. Mashine inayopokezanwa kwa urahisi, kutoka mkono hadi mkono na kutoka nyumba hadi nyumba, ndiyo inayoshinda. Ukiishika kanuni hiyo, utaelewa kwa nini Sony ilitamalaki, kwa nini Xbox haikushika mizizi, na ipi ninayoipenda kuliko zote leo.

Mahali penyewe

Gatongora ni wadi ya eneo bunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Ruiru ilijulikana kwanza kwa kahawa. Baada ya barabara kuu ya Thika kupanuliwa na kukamilika mwaka 2012, mashamba yaliendelea kugeuka ploti, ploti zikageuka ghorofa za kupangisha, na sensa ya 2019 iliupata mji wa Ruiru ukiwa na watu 490,120. Wengi wao ni wapangaji: wafanyakazi wa viwandani, wanafunzi wa vyuo, familia changa zinazoenda Nairobi asubuhi na kurudi usiku.

Mpangaji wa chumba kimoja hana sebule ya kuweka tivi kubwa na konsoli. Hata akiwa na fedha, anawaza wizi, anawaza tokeni za stima, na anawaza kuhama mwisho wa mwezi. Ndiyo maana mchezo ulitoka nyumbani ukaenda kukaa dukani. Kwa shilingi chache unapata padi, mpinzani na watazamaji. Hiyo ndiyo hali iliyoamua mashindano ya konsoli hapa, kabla hata hatujataja kampuni yoyote.

Nintendo ilivyopenya bila jina lake

Nintendo ilitoa Famicom nchini Japani mwaka 1983, na umaarufu wake ukazaa nakala nyingi za bei nafuu zilizotengenezwa na viwanda vingine. Hizo ndizo zilizotufikia kwa jina la tivi gemu: kisanduku cha plastiki, kadi ya rangi ya manjano, bunduki ya kupigia bata, na Mario anayeruka matofali. Kizazi kizima cha Wakenya kilimpenda Mario bila kumjua aliyemuunda. Nintendo ilitupa mchezo wetu wa kwanza, lakini jina lake halikubaki, kwa kuwa halikuandikwa kwenye mashine tulizozishika. Ilipokuja na Wii mwaka 2006 na Switch mwaka 2017, ilibisha hodi kama mgeni.

PS2 na kuzaliwa kwa benchi

PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 4, 2000, na Sony imeuza zaidi ya milioni 160, idadi ambayo haijafikiwa na konsoli nyingine yoyote. Wachambuzi wa ng'ambo hueleza ushindi huo kwa wingi wa gemu na kwa uwezo wake wa kucheza DVD. Kwetu sababu hizo mbili ziliungana zikawa moja. Mwenye duka la muvi alikuwa tayari ana tivi, ana wateja na ana fundi anayejua diski. PS2 ilimwingizia biashara ya pili katika chumba kile kile: mchana gemu, usiku filamu.

Tuseme wazi pia kwamba diski nyingi zilizochezwa zilikuwa nakala zisizo halali. Mashine ilifunguliwa na fundi, ikawekewa chipu, na baadaye hata chipu haikuhitajika. Kadi ya kumbukumbu iliyotayarishwa na flashi vilitosha. Wizi huo uliwanyima watengenezaji haki yao, nasi pia ulitugharimu. Mauzo yasiyoandikwa popote hayahesabiwi, na kampuni isiyoona mauzo haifungui huduma. Sehemu ya upweke wa mchezaji wa Kenya leo mbele ya maduka ya mtandaoni inatokana na miaka ile.

Lakini PS2 iliacha urithi mwingine, na huo umo vidoleni. Alama za padi ya Sony (X, duara, mraba na pembetatu) hazijabadilika tangu PlayStation ya kwanza ya mwaka 1994. Kijana aliyejifunza kupiga shuti kwa mraba katika gemu ya kandanda ya PES, na kupenyeza pasi kwa pembetatu, hakuhitaji somo jipya alipohamia PS3, PS4 au PS5. Ukimpa padi ya Xbox yenye herufi A, B, X na Y, tena X ikiwa mahali pa mraba, kidole kinasita. Mbele ya benchi linalotazama, na shilingi zake zikiwa mezani, hakuna anayetaka kusita. Kwa hiyo kila mchezaji mpya aliyefunzwa kwa padi ya Sony akawa sababu ya duka linalofuata kununua Sony.

PS2 iliishi muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. FIFA 14 na PES 2014 ndizo za mwisho kutolewa rasmi kwa ajili yake, ila wabunifu wa nchi mbalimbali waliendelea kubadilisha vikosi ndani ya PES za zamani, na madukani zikachezwa zikiwa na wachezaji wa msimu mpya. Benchi halikuhitaji picha mpya. Lilihitaji jina la mchezaji wa sasa mgongoni mwa jezi.

Xbox ilipoteza wapi?

Xbox 360 ilitoka Novemba 2005, mwaka mzima kabla ya PS3, na kwa nguvu haikuwa na cha kuonea haya. Tatizo lilikuwa joto. Mashine nyingi za miaka ya mwanzo zilikufa zikiwasha duara la taa nyekundu, na Julai 2007 Microsoft ilitangaza kutenga zaidi ya dola bilioni moja na kurefusha dhamana hadi miaka 3. Dhamana hiyo ilimfaa aliyenunua dukani Marekani au Uingereza. Haikumfaa sana aliyenunua ya mtumba huku kwetu, na mashine ya biashara ya gemu hukaa imewaka tangu asubuhi hadi usiku katika chumba cha mabati. Kitu cha kwanza kuumizwa na joto ni mashine.

Kulikuwa pia na suala la umeme. Adapta ya Xbox 360 iliyotengenezewa Marekani ilipokea takriban volti 110. Ukiichomeka kwenye stima yetu ya volti 240 bila kipunguzi, umeiua. PS2 nene za Marekani zilikuwa na kasoro hiyo hiyo, lakini PS2 nyembamba nyingi zilikuja na adapta inayokubali zote mbili. Jambo dogo namna hii haliandikwi katika ulinganisho wa magazeti ya London, na hapa ndilo linaloamua kama fedha ya mtu imezaa au imeungua.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 2013. Microsoft ilipoitambulisha Xbox One ilieleza kwamba mashine ingehitaji kuunganishwa na intaneti angalau mara moja kila saa 24, na kwamba kuazimana au kuuziana diski zilizotumika kungewekewa masharti. Sony ikajibu kwa video fupi ambamo mtu mmoja anampa mwenzake diski mkononi, basi. PS4 ikatangazwa kwa dola 399, Xbox One kwa dola 499. Mnamo Juni 19 mwaka huo Microsoft iliyaondoa masharti hayo, lakini watu walikuwa wamekwishasikia. Walioudhika Marekani waliudhika kwa kanuni. Kwa mtu wa Ruiru, aliyenunua intaneti kwa bando za simu na kupata gemu kwa kubadilishana na jirani, masharti yale yalikuwa sawa na kuambiwa mashine hii si yako. Ingawa yaliondolewa, yalionyesha ni nani aliyekuwa akifikiriwa na nani hakufikiriwa.

Uwanja wa sasa

PS5 na Xbox Series zilitoka Novemba 2020. PS5 yenye diski na Xbox Series X zilianza kwa dola 499, PS5 isiyo na diski dola 399, na Xbox Series S dola 299. Switch 2 ya Nintendo ilifuata Juni 5, 2025, kwa dola 449.

Kwa nguvu, PS5 na Series X zinakaribiana kiasi kwamba jicho la kawaida halioni tofauti. Series S ni dhaifu zaidi, ni ndogo, haili stima nyingi, na kwa bei ndiyo iliyokuwa mlango rahisi wa kuingilia kizazi kipya. Lakini haina mahali pa diski. Kila gemu lazima ishushwe mtandaoni. Piga hesabu: gemu ya gigabaiti 50, kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, huchukua zaidi ya saa 11. Na hifadhi yake ya ndani ya gigabaiti 512 ikitolewa nafasi ya mfumo hubakiza takriban 364, yaani gemu kubwa chache tu. Uzuri wa Xbox ulikuwa Game Pass, ada ya mwezi inayofungua mamia ya gemu. Oktoba 2025 ada ya daraja la Ultimate ilipanda kutoka dola 19.99 hadi dola 29.99, karibu shilingi 3,900 kwa mwezi. Kwa wapangaji wengi hiyo ni sehemu kubwa ya kodi ya nyumba.

Bei za mashine nazo zimepanda, kinyume na desturi ya zamani ambapo konsoli ilishuka kila ilipozeeka. Mwaka 2025, nchini Marekani, PS5 yenye diski ilifika dola 549.99 na Series S ya kawaida dola 399.99. Wakati huo huo Microsoft imeanza kuzipeleka gemu zake kwa mshindani: Forza Horizon 5 ilifika PS5 Aprili 2025. Sababu ya kununua Xbox ili upate gemu za Xbox inazidi kuyeyuka.

Sony nayo isisifiwe bila kuulizwa. Kenya haimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa na PlayStation Network. Afrika Kusini imo. Kijana wa Gatongora husajili akaunti kana kwamba anaishi Johannesburg au London, kisha hununua kadi ya malipo ya nchi hiyo kutoka kwa muuzaji anayelipwa kwa M-Pesa. Mwaka 2024, Sony ilipojaribu kuwalazimisha wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti yake, wakazi wa nchi zisizohudumiwa walijikuta nje ya mlango. Malalamiko ya dunia nzima yaliifanya kampuni iachane na sharti hilo. Wachezaji wetu wamezoea kupitia dirishani, lakini mazoea hayaondoi ubaya wa jambo.

Switch ina sifa moja ambayo kwa Ruiru ni ya thamani: ina betri yake. Stima ikipotea, mtoto anaendelea kucheza. Gemu zake zinafaa familia. Udhaifu wake ni kwamba kadi zake ni ghali, hazizunguki mtaani, na benchi letu la kandanda halijawahi kuiona kama mashine ya kandanda.

Hesabu ya benchi

Tuingie dukani kwa mfano wa hesabu. Tuchukue PS4 ya mtumba yenye padi mbili kwa shilingi 30,000, na PS5 yenye diski kwa shilingi 70,000. Mechi ya kandanda tuitoze shilingi 20, mechi 4 kwa saa, saa 8 kwa siku. Kila tivi inaingiza shilingi 640. PS4 inarudisha bei yake kwa siku 47. PS5 kwa bei hiyo hiyo ya mechi inahitaji siku 110. Mwenye duka akipandisha mechi ya PS5 hadi shilingi 30 na wateja wakakubali, atapata 960 kwa siku na kurudisha fedha kwa siku 73. Hapo hatujatoa kodi, kibali cha kaunti wala mshahara wa kijana anayesimamia.

Stima haileti tofauti kubwa sana. PS4 Slim na tivi zinaweza kula wati 150 pamoja, PS5 na tivi wati 260. Kwa saa 8 ni uniti 1.2 dhidi ya takriban uniti 2.1. Kinachouma ni mtaji, na swali linabaki: je, kijana wa benchi ataongeza shilingi 10 kwa ajili ya nyasi zinazong'aa zaidi? Gemu ya kandanda ya EA Sports FC 26 ilitoka Septemba 2025 kwa PS5 na kwa PS4 pia. Vikosi ni vile vile, kelele za goli ni zile zile. Wengi hawataongeza.

Kisha kuna padi, ambayo ndiyo tairi ya biashara hii: ndiyo inayoisha kwanza. Kijiti cha analogi kikichoka, mchezaji hukimbia peke yake kuelekea kona. Padi ya PS4 ina vipuri kila mahali, mafundi wanaifungua wakiwa wamefumba macho, na inachajiwa kwa waya ule ule wa simu za zamani uliojaa kila nyumba. Padi ya PS5 ni ghali zaidi, na gemu za PS5 hazikubali padi ya PS4. Padi ya Xbox inatumia betri mbili ndogo za dukani. Kwa mtu mmoja si shida, kwa benchi la siku nzima ni gharama isiyokwisha.

Mwisho ni vumbi. Udongo mwekundu wa Kiambu huingia popote, na feni ya PS4 iliyoshiba vumbi hunguruma kama jiko la pampu. Dawa yake inajulikana: kufunguliwa na kusafishwa kila baada ya miezi michache, kuwekwa juu ya meza badala ya sakafuni, na kuunganishwa kupitia gadi ya stima, kwa maana umeme unaporudi baada ya kukatika ndipo unapoua.

Wanaosema simu imemaliza yote

Wako wanaodai konsoli imepitwa, kwamba simu imeshinda. Ni kweli kwamba wengi huanzia kwenye simu, na eFootball ya Konami, iliyochukua nafasi ya PES mwaka 2021, ni ya bure. Lakini simu inakupa mpinzani usiyemjua. Benchi linakupa mpinzani unayekutana naye kesho dukani. Sylvia Gathoni, ambaye ulimwengu wa gemu unamjua kwa jina QueenArrow, alisajiliwa na timu ya UYU ya Marekani mwaka 2018 kwa umahiri wake katika Tekken, gemu ya kupigana ana kwa ana. Michezo ya namna hiyo hukomaa pale watu wanapokaa bega kwa bega, wakapigwa, wakarudi tena.

Hukumu

Sasa niseme langu waziwazi. Kwa mzazi mwenye watoto wadogo na uwezo wa wastani, Switch ni chaguo jema. Kwa mtu anayeishi peke yake, mwenye intaneti ya faiba na asiyejali diski, Series S inaweza kumtosha, mradi ajue ada na bei zinaelekea wapi. Kwa mwenye fedha anayetaka mashine ya miaka mingi, anunue PS5 yenye mahali pa diski. Grand Theft Auto VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series pekee, na hilo litawasukuma wengi. Akinunua ile nyembamba ambayo sehemu ya diski huongezwa baadaye, akumbuke kwamba kuiunganisha mara ya kwanza kunahitaji intaneti.

Lakini ukiniuliza mashine ninayoipenda, nitajibu PS4 Slim, ile ya mwaka 2016, ya mtumba kutoka Uingereza yenye plagi ya miguu mitatu inayoingia moja kwa moja kwenye soketi yetu. Inapokea diski anayokuazima jirani. Vidole vinaijua. Fundi anaijua. Inacheza EA Sports FC 26, God of War Ragnarök na Tekken 7. Haitaishi milele, miaka michache ijayo gemu mpya zitaiacha, kama zilivyoiacha PS2. Kwa leo, hakuna nyingine inayowatosha watu wengi zaidi kwa shilingi chache zaidi.

Gatongora ilichagua vyema, ila imebaki kazi. Enyi wenye maduka, msimpokee mtoto mwenye sare saa za shule. Jina jema la benchi ndilo kibali chenu cha kwanza. Enyi wachezaji, nunueni diski halali kila mnapoweza na muendelee kuazimana, kwa sababu soko linaloonekana ndilo linalohudumiwa. Na Sony, iliyolishwa na mabenchi haya kwa zaidi ya miaka ishirini, iiandike Kenya katika orodha yake. Kijana aliyeichagua tangu utotoni anastahili kufungua akaunti kwa anwani ya kwao, Ruiru.